Dumu Lenye Kitambaa Chekundu

Jumamosi hiyo Chiriku aliamka bila kuitwa, jambo ambalo si la kila siku. Alitandika kitanda, akamfuta mdogo wake makamasi, akafagia ua kuanzia mlangoni hadi kwenye bomba, na muda wote huo mdomo wake haukupumzika. Alizungumza na ufagio, akazungumza na kuku wa jirani, akazungumza na mama yake aliyesimama kando ya moto akikoroga uji kwa mwiko mrefu. Kwa jinsi alivyopenda kusema, watu wa mtaa walikwisha sahau jina lake la shuleni. Walimwita Chiriku, na yeye aliitika bila kinyongo.

Mdogo wake naye aliitwa Bosi. Alikuwa na miaka minne, na alipewa jina hilo kwa sababu hakuwahi kuomba kitu, aliagiza.

"Nataka uji," aliagiza sasa hivi, akiwa ameketi juu ya kinu kilicholala ubavu.

"Ngoja, bosi wangu," mama alimjibu huku akicheka. "Leo wewe ndiye utakayeonja wa kwanza. Lakini si hapa."

Uji ule haukuwa wa nyumbani. Mama alikuwa na kibanda cha chai karibu na kituo cha mabasi, na tangu mwaka huo alikuwa mwanachama wa kikundi cha akina mama wenye biashara. Humo alikuwamo msusi mwenye saluni kubwa, ambaye ndiye mwenyekiti, alikuwamo mwenye duka la unga, alikuwamo Mama Sabuni, na wengine wenye meza zao sokoni. Kila mwisho wa mwezi kikundi kilipeleka uji kwenye wodi ya watoto katika hospitali ya hapo mjini, kisha wakafua mablanketi ya wodi na kukaa kidogo na wagonjwa wasio na ndugu wa kuwatembelea. Walipeana zamu ya kupika. Mama wa Chiriku alikuwa ameingoja zamu yake kwa hamu na hofu, kwa maana alijua kuwa baadhi ya wanachama walishangaa alipokubaliwa. Mwenye kibanda cha chai atatoa nini, walinong'ona, na maneno ya kunong'ona yana miguu, yakamfikia.

Kikundi hicho kilikuwa na desturi yake. Zamani kidogo, kabla mama hajajiunga, wambea walieneza habari kwamba akina mama wale huwapelekea wagonjwa makombo ya biashara zao. Basi mwenyekiti akaweka sharti: hakuna sufuria itakayoingia wodini kabla aliyepika hajaonja mbele ya wenzake, yeye na watoto wake, na wa kuanza ni mdogo kuliko wote nyumbani. Tangu siku hiyo maneno yalikatika. Hakuna mzazi anayemlisha makombo kitinda mimba wake hadharani.

Mama alifunika sufuria, akapangusa jasho. "Chiriku, nenda nyuma ya nyumba ukaniletee dumu la Mama Sabuni, lile lenye kitambaa chekundu. Analihitaji kwa kufulia mablanketi."

Chiriku aliondoka mbio huku akiimba. Alipofika nyuma ya nyumba, aliukatiza wimbo.

Madumu ya wanachama, waliyomwazima mama kwa zamu yake, yalikuwa yamepangwa ukutani, yote ya njano, yote ya kimo kimoja, yakifanana kama mapacha. Yote yalikuwa matupu isipokuwa moja la mwisho. Na hakuna hata moja lililokuwa na kitambaa chekundu.

Hapo ndipo alipokumbuka. Jana mchana yeye na rafiki yake Njiti, binti wa fundi viatu, walikuwa wakiruka kamba uani. Kamba ikakatika katikati. Njiti alitafuta kitu cha kuungia, akakosa, na macho ya Chiriku yakaangukia kile kitambaa kilichofungwa shingoni mwa dumu. Alikifungua. Alijiambia kwamba atakirudisha wakimaliza, kisha wakaruka hadi miguu ikawauma, na Njiti akaenda kwao na kamba yake. Jioni Chiriku aliyajaza madumu yote bombani, kwa kuwa maji huwa hayaaminiki siku za Jumamosi, na kitambaa hakikumjia akilini hata kidogo. Alfajiri mama alimimina maji sufuriani katika mwanga hafifu. Alichukua dumu baada ya dumu lisilo na kitambaa, na alipoona maji yametosha aliacha, bila kulitazama lile lililobaki.

Kitambaa kile hakikuwa pambo. Mama Sabuni alitumia dumu lake kubebea dawa kali ya kutengenezea sabuni, ile inayobabua ngozi, na viganja vyake vyenye makovu vilikuwa ushahidi. Alipolileta alimwambia kila mtu, na Chiriku alikuwapo akisikiliza kwa masikio yake mawili: dumu lenye kitambaa chekundu ni la kufulia, lisiguse chakula kamwe.

Chiriku aliliinamia lile dumu lililojaa, akanusa. Harufu ya plastiki tu. Akatikisa. Maji ni maji. Labda ndilo hili, aliwaza. Labda Mungu amesaidia na lile la sabuni ndilo lililobaki. Alilirudia wazo hilo mara kadhaa, na kila alipolirudia alizidi kutoliamini.

Njia ya kwenda kwa mama ilikuwa fupi, hatua chache tu kuzunguka ukuta. Angeweza kwenda kusema. Lakini alichungulia pembeni mwa ukuta, akamwona mama amevaa gauni lake zuri chini ya kanga, amesimama wima kando ya sufuria ya kuazima, na uso wake una furaha ambayo Chiriku hakuwa ameiona siku nyingi. Ule unga ulikuwa wote waliokuwa nao. Uji ukimwagwa, akina mama watapata la kusema. Basi badala ya kwenda kwa mama alitokea mlango wa uani, akakimbia hadi kwa kina Njiti.

Njiti alikuwa akipiga mswaki mlangoni. Alisikiliza habari yote povu likimtoka mdomoni, akatema, akafungua kamba na kumpa kitambaa chake.

"Si umwambie mama yako?" alisema.

"Nimwambie nini? Dumu ni lile lile lililobaki. Nina hakika."

"Kama una hakika mbona umekuja mbio?"

Chiriku alikuwa ameshampa kisogo. Alirudi mbio, akakifunga kitambaa kwenye shingo ya lile dumu lililobaki, akakaza fundo kwa meno, akalibeba hadi mbele.

"Ahsante, mwanangu," mama alisema. "Mbona unahema hivyo?"

"Dumu ni zito," alijibu. Huo ulikuwa uongo wake wa kwanza wa kumwambia mama kwa mdomo asubuhi hiyo. Ule mkubwa zaidi ulikuwa umeshafungwa fundo.

Sufuria ilipakiwa kwenye mkokoteni, ikafungwa kwa mashuka isipoe, na dumu likawekwa kando yake. Bosi alipakizwa juu, akakaa kama mkaguzi wa barabara. Msukuma mkokoteni alikuwa mtu wa mizaha, akamuuliza Bosi nauli yake iko wapi, na Bosi akamwambia asukume kwanza. Mama alicheka. Chiriku alitembea nyuma, macho yake hayabanduki kwenye kile kitambaa.

Alijaribu kujipoza. Hata kama ni lile dumu lililotumika, si dawa imechanganyika na maji mengi? Si imechemka? Kisha aliwakumbuka wale watoto wa wodini. Mwezi uliopita alifuatana na mama, akamwona msichana wa rika lake aliyekonda, ambaye kila tonge lilimshinda ila uji. Msichana yule alikunywa polepole kwa kijiko, akamaliza, akaomba tena, na muuguzi akafurahi mno. Chiriku alipokumbuka hivyo alipunguza mwendo, akabaki nyuma.

"Unaumwa?" mama aliuliza. Alisimama, akamshika paji la uso. "Tangu tutoke nyumbani hujasema neno. Sijazoea."

Ilikuwa nafasi nzuri kuliko zote. Mkono wa mama ulikuwa na joto na harufu ya moshi. Maneno yalifika hadi kwenye ulimi.

"Siumwi," alisema Chiriku.

Nyuma ya wodi ya watoto kulikuwa na baraza lenye meza ndefu ya saruji. Akina mama walikuwa wamekwisha fika, mikono ya nguo imekunjwa, beseni za kufulia zimepangwa. Dirishani watoto walisukumana wakiwa na vikombe vyao vya bati, na wale wasioweza kusimama walisikika wakiuliza kitandani kama uji umefika. Chiriku alimwona yule msichana aliyekonda. Alikuwa ameshika kijiko.

Mama Sabuni, mwanamke mnene mwenye kicheko cha kusikika barabarani, aliliona dumu lake na kulipokea. "Chiriku wangu, umenitunzia," alisema, akampapasa kichwa kwa kile kiganja chake chenye makovu. Chiriku alitamani ardhi ipasuke immeze.

Mwenyekiti alifunua sufuria, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Uji ulikuwa mweupe, mlaini, hauna hata donge. Alimgeukia mama, akasema kwa sauti ili wote wasikie kwamba wale waliokuwa na wasiwasi na zamu hii sasa waje wautazame uji wenyewe. Mama alitazama chini kwa haya, lakini alikuwa akitabasamu. Kisha mwenyekiti alichota kikombe kidogo, akakipuliza, akamkabidhi Bosi.

"Haya, mdogo wa nyumba. Tufungulie."

Bosi alikishika kikombe kwa mikono yote miwili. Alikinusa, maana yeye hakubali kitu bila kukikagua. Akakiinua.

"Bosi, usinywe."

Chiriku hakupiga kelele. Sauti ilitoka ndogo, kavu, kama ya mtu mwingine, lakini baraza zima liliisikia. Bosi alisimamisha kikombe karibu na mdomo, akamtazama dada yake kwa hasira.

"Wangu," alisema.

Chiriku alimfikia, akakichukua kikombe mikononi mwake. Mama aliuliza kuna nini. Chiriku alisema yote, akianza mwisho na kumalizia mwanzo, kwa kwikwi, akieleza kitambaa kabla ya kamba na kamba kabla ya Njiti, mpaka mwenyekiti akamshika mabega na kumwambia avute pumzi, aanze tena. Akaanza tena. Safari hii walimwelewa.

Mama Sabuni hakungoja amalize. Aliliendea lile dumu, akamimina maji kidogo kiganjani, akasugua vidole kwa vidole. Uso wake wa vicheko ulikuwa umebadilika kabisa.

"Dawa yangu hata ikiwa kidogo huteleza vidoleni," alisema. "Haya hayatelezi. Ni maji matupu. Hili si dumu langu."

Hakuna aliyehitaji kuelezwa zaidi. Kama dumu lililobaki halikuwa lake, basi la kwake lilikuwa limeingia sufuriani. Na alikuwa amelisuuza mara moja tu, Mama Sabuni alisema kwa sauti ya chini, kwa sababu alijua halitagusa chakula.

Mama alimnyanyua Bosi, akambana kifuani kwa nguvu hadi mtoto akalalamika. Hakumtazama Chiriku. Hilo lilimuuma Chiriku kuliko kofi lolote.

Uji wote ulimwagwa kwenye shimo la taka, ule mweupe, mlaini, usio na donge. Dirishani watoto walitazama bila kuelewa, na mmoja akaanza kulia. Mwenyekiti aliagiza mara moja: mwenye duka la unga akafungue duka, wawili wakachote maji ya hospitali, na sufuria isuguliwe mpaka ing'ae au ibadilishwe. Mama alisema kwamba kibandani kwake kuna mkate na chai ya watu wa asubuhi, ataileta yote watoto wasikae na njaa. Lakini kabla hajaondoka alisimama mbele ya wenzake, Bosi angali mikononi.

"Kama mtaona inafaa zamu yangu apewe mtu mwingine, sitakuwa na neno," alisema.

Mwenyekiti alikuwa tayari anakunja kanga yake kwa kazi. "Zamu yako haijaisha, mwenzangu," alijibu. "Uji bado haujapikwa. Nenda ulete hiyo chai."

Chiriku alipewa sufuria. Alisugua kwa mchanga, akasuuza, akasugua tena, machozi yakidondoka humo humo. Baada ya kitambo Mama Sabuni alikuja kuchuchumaa upande wa pili na kusugua naye. Kisha alisema kwamba na yeye ana lake la kujibu, kwani amekuwa akiamini kitambaa mwaka mzima, na kitambaa hufunguka. Jumatatu ataleta rangi nyekundu, na dumu lile litapakwa kuanzia shingoni hadi kitakoni.

"Na wewe ndiye utakayelipaka," aliongeza. "Nje na kishikio chake. Nisione hata nukta ya njano."

"Ndiyo, mama."

"Na usiimbe ukipaka. Mimi nitakuwa nimelala."

Chiriku alitaka kucheka, akashindwa. Bado alikuwa akingoja mama arudi.

Mama alirudi na birika kubwa na mikate, akawagawia watoto, akamkalisha yule msichana aliyekonda na kumlowekea mkate wake kwenye chai. Ndipo alipokuja barazani na kukaa kwenye ngazi. Alimwita Chiriku kwa jina lake la shuleni, ambalo halikutumika ila kwa mambo mazito.

"Unajua kilichoniuma ni kipi?" aliuliza.

"Nilifungua kitambaa."

"Hapana. Kukifungua ulikuwa mchezo. Nyinyi ni watoto, mlitaka kamba, mkasahau. Kwa hilo ningekugombeza na kufikia jioni tungelimaliza. Kilichoniuma ni kukifunga. Kabla hujakifunga, nilikuwa na nafasi ya kuuliza kiko wapi. Ulipokifunga, ukanifumba macho. Nikamwacha mwanangu akabidhiwe kikombe nikiwa nimefumbwa macho na mwanangu mwingine."

Chiriku aliinamisha kichwa. Alisema aliogopa kwamba wanachama watamcheka mama, na zamu yake itaharibika.

"Imeharibika, ndiyo," mama alisema. "Na watatucheka, leo mchana na kesho. Kicheko nitakibeba, nina mabega. Mtoto aliyeungua koo ningembebaje?" Alivuta pumzi, akamshika mkono uliojaa masizi na mchanga. "Kosa ukilisema mapema, sote tunakuwa na muda wa kulirekebisha. Ukilifunika, linaendelea kukua pale pale chini ya kifuniko, na sisi tunaketi juu yake. Leo ulichelewa kusema. Ulichelewa sana. Lakini ulisema kabla hajanywa, na ulisema mbele za watu, na hilo nitalikumbuka pia."

Mwenyekiti, aliyekuwa akipita na kuni, alisimama. Alimwambia Chiriku kwamba lile sharti la kuonja waliliweka ili watu waamini sufuria zao. Hakuna aliyefikiri siku moja litamlazimisha mtu kusema kweli, lakini limefanya kazi yake, na kuanzia leo kila anayepika ataulizwa pia maji yake yametoka dumu gani.

Uji wa pili ulipikwa na mikono mingi. Haukuwa mlaini kama wa kwanza, ulikuwa na madonge machache kwa sababu ya haraka, na mwenye duka la unga alilaumu kuni, na mleta kuni akalaumu unga. Mama ndiye aliyeshika mwiko hadi mwisho. Maji yalikuwa yametoka bomba la wodi, Chiriku mwenyewe akiyatazama yanavyoingia.

Jua lilikuwa limepanda ulipoiva. Watoto walirudi dirishani na vikombe vyao. Mwenyekiti alichota kikombe kile kile kidogo, akakipuliza, akamkabidhi Bosi.

Bosi alikishika kwa mikono miwili. Alikinusa. Akakiinua hadi mdomoni, akasita, kisha akageuza kichwa. Hakumtazama mwenyekiti wala mama. Alimtazama dada yake.

"Ninywe?" aliuliza. Ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yake kuomba kitu.

Wote walimgeukia Chiriku. Aliitazama sufuria, akalitazama bomba, akamtazama mama. Alikuwa na maneno mengi, kama kawaida yake, lakini alitumia moja tu.

"Kunywa."

Bosi akanywa mpaka kikombe kikamfunika uso, akakishusha, akajifuta mdomo kwa mkono.

"Una madonge," alisema. "Niongezeeni."